Kidonda kikavu, presha inashuka: damu baada ya kutoa uboho

Swali: Nipo wodi ya wagonjwa wa ndani, hospitali ya mkoa, Tanzania. Mama wa miaka 62 mwenye bandama kubwa alitolewa sampuli ya uboho jana asubuhi nyuma ya nyonga ya kushoto. Kidonda ni kikavu, lakini tangu usiku analalamika maumivu ya tako na kiuno, na presha sasa ni 88/50. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 780,000, hivyo mwenzangu wa zamu anasema haiwezi kuwa damu. Tufanyeje?

Jibu: Daktari, mhesabu anavuja damu ndani mpaka uthibitishe vingine. Bandeji kavu haikuambii lolote hapa. Damu hujificha kwenye misuli ya tako au nyuma ya utando wa tumbo, na huko inaweza kujaa lita kadhaa kabla ngozi haijabadilika rangi.

Wingi wa chembe sahani usiwatulize. Bandama kubwa pamoja na chembe nyingi hivyo vinaashiria uboho unaozalisha kupita kiasi, na chembe za namna hiyo mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa. Kuvuja kwa hatari baada ya kipimo hiki ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, lakini ripoti za Uingereza zimewataja wagonjwa wa aina hii tena na tena, pamoja na wanaotumia aspirini au wafarini, dawa zinazopunguza kuganda kwa damu. Muulizeni yeye na ndugu zake kuhusu dawa hizo sasa hivi.

Wekeni kanula mbili nene za mshipani, agizeni damu, pimeni himoglobini na muda wa kuganda. Himoglobini ya kwanza inaweza kuwa nzuri kabisa. Rudieni baada ya saa chache. Msimjaze maji ya chumvi mkingojea damu, yanazimua hata kile kidogo kinachogandisha. Kama anatumia wafarini, mpeni vitamini K ya mshipani na plazma (majimaji ya damu yenye vigandishi). Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, inasaidia, ila kwa ugonjwa huu donge la damu nalo ni tishio: mpigieni kwanza daktari bingwa wa damu, na mmuulize pia kuhusu kumwongezea chembe sahani.

Presha ikishikika, afanyiwe CT skani yenye dawa ya mishipa. Ultrasound ikiwa safi haitoshi, kwani sehemu ya nyuma ya tumbo huikwepa. Mshipa ukionekana unavuja, tiba bora ni kuuziba kwa ndani, na kitengo cha tiba radiolojia (tiba inayoongozwa na picha) Muhimbili kinafanya hivyo. Upasuaji wa kufungua huwa wa mwisho, kwa sababu unaondoa mgandamizo uliokuwa unaizuia damu.

Kila saa mwambieni ainue kanyagio la mguu wa kushoto kuelekea kwake. Akishindwa, au tako likikakamaa kama ubao, neva kubwa ya mguu inabanwa. Hapo daktari wa upasuaji aitwe usiku huohuo. Akipelekwa Muhimbili, safarini aende na damu iliyopimwa kulingana na yake, na muuguzi wa kuitundika.