Fundi Bomba Anajibu: Pitisha Chungwa Kwanza

Mwezi huu maswali ni mengi, na karibu yote yameandikwa na watu waliokwisha kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, na kupaka rangi. Wa Goba peke yake ndiye aliyeniwahi, kwa hiyo yeye nampa nafasi kubwa. Wengine mtanisamehe.

*Fundi, habari za kazi. Najenga Goba, kiwanja kinashuka kutoka barabarani kwenda bondeni. Msingi umepanda, jamvi bado. Chumba chetu chenye choo ndani kiko nyuma, upande wa bondeni. Fundi wangu anataka shimo la maji taka liwe mbele karibu na geti, kwa sababu gari la kunyonya halifiki nyuma. Kutoka chooni mpaka getini ni mita 22, na getini ni juu kuliko nyuma kwa kama sentimita 80. Nimkubalie? – Baba wa Mapacha*

Usimkubalie, ila usimgombeze. Kuhusu gari ana hoja. Tatizo ni kwamba amefikiria siku ya kunyonya, ambayo huja mara moja baada ya miaka, akasahau siku zote nyingine ambapo maji yanatakiwa yaende yenyewe.

Chukua kalamu tupige hesabu. Bomba la choo la inchi 4 mimi nalilaza kwa mteremko wa moja kwa arobaini, yaani kila mita moja lishuke sentimita 2 na nusu. Mita 22 ni sentimita 55. Kule nyuma bomba linaanzia chini ya ardhi, tuseme sentimita 40, ili lisivunjwe na jembe la mtunza bustani. Tayari ni 95. Sasa ongeza zile 80 ambazo ardhi yenyewe imepanda kuelekea getini. Bomba lako litafika kwenye shimo likiwa mita 1 na sentimita 75 chini ya miguu yako, na hapo ndipo shimo linaanza kuhesabiwa! Weka kina cha maji cha mita moja na nusu, umeshapita mita 3, na bado shimo la pili, lile ambalo maji yanazama ardhini. Wachimbaji watafurahi sana.

Peleka mashimo nyuma, bondeni, ambako maji yanataka kwenda. Kwa ajili ya gari, acha njia ya mita moja na zaidi kando ya ukuta, mpira wa kunyonyea upite bila kukunjwa. Kabla ya kuchimba, muulize dereva wa gari la maji taka wa huko kwenu anabeba mipira ya mita ngapi, kisha pima kutoka getini mpaka mfuniko wa shimo. Ni simu ya dakika mbili. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kuipiga.

Halafu chungulia kwa jirani wa chini yako. Ana kisima? Kipimo tunachotumia wengi ni mita 30 kati ya kisima na shimo la kuzamisha maji. Usipozipata, sogeza shimo upande mwingine wa kiwanja au keti na jirani kabla hajakuita serikali za mtaa.

Sasa nirudi kwenye neno lako moja: "kama" sentimita 80. Hiyo "kama" ndiyo inayonitia wasiwasi. Kiwanja cha mlimani kinadanganya macho. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 25, ujaze maji taratibu mpaka mapovu yote yatoke. Mtu mmoja asimame nyuma ameshika ncha moja kwenye kigingi, mwingine asimame getini na ncha ya pili. Zibueni ncha zote mbili, subirini maji yatulie, kila mtu apige mstari pale maji yalipo. Mistari hiyo miwili iko usawa mmoja, hata kama katikati kuna kichuguu. Kila mtu apime kutoka mstari wake kushuka mpaka chini. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya ardhi. Povu moja tu likibaki ndani ya mpira, kipimo kimeharibika, kwa hiyo msiwe na haraka.

Nasema hivi kwa sababu nilishaumia. Mwaka 2009 nililaza bomba la mita 12 kwenye nyumba moja Tegeta. Nilikuwa na kazi nyingine Mbezi inanisubiri, nikapima kwa jicho, nikafukia. Udongo wa katikati ulikuwa wa kujazia na haukushindiliwa, ukatitia, bomba likafanya tumbo. Miezi sita hakuna aliyejua. Siku ya Idi, nyumba imejaa wageni, pilau iko jikoni, choo cha wageni kikaanza kurudisha. Mwenye nyumba hakunitukana, alinipigia simu akasema tu, "Fundi, njoo uone." Nilifukua kwa pesa yangu, pamoja na kupanga upya matofali ya uani yaliyokuwa juu.

Tangu siku hiyo sifukii kabla ya chungwa. Hili nilifundishwa na mwalimu wangu wa kazi kule Muheza, ambako machungwa si kitu cha kuhesabu, na siku ile ya Tegeta nililipuuza. Unachukua chungwa gumu la mviringo mzuri, unaliweka kwenye mdomo wa juu wa bomba, unamimina ndoo ya lita 20 kwa mfululizo. Mtu anasubiri kwenye chemba ya chini, yaani kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba. Likitoka pamoja na maji, vizuri. Likichelewa na maji yakatangulia, kuna tumbo mahali. Lisipotoka kabisa, mara nyingi ni zege lililodondoka ndani kwa sababu mdomo wa bomba ulizibwa kwa mfuko wa saruji badala ya kifuniko chake. Siku ya kumwaga jamvi simama hapo mwenyewe uone vifuniko, kwa sababu ukigundua baadaye utavunja sakafu.

La mwisho kwako: kwenye kona usimruhusu fundi aweke elbo kali ya nyuzi 90. Aweke bendi mbili za nyuzi 45, na chemba kila mahali bomba linapogeuka. Siku likiziba, utajua pa kuingiza fito.

*Shikamoo fundi. Tumekarabati bafu la wageni hapa Ilala, vigae vipya, sinki jipya. Tangu hapo linanuka. Nimemwaga dawa za kila aina na kuchoma udi. Harufu inapotea siku chache kisha inarudi. – Mama Salma*

Marahaba, Mama Salma. Udi uhifadhi kwa ajili ya wageni. Harufu ya shimo ikichanganyika na udi inakuwa mbaya zaidi.

Neno lako "inapotea kisha inarudi" limenipa nusu ya jibu. Chini ya kile kichujio cha sakafuni kunatakiwa kuwe na trapu, kona inayobakiza maji, kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo isipande. Bafu la wageni lisipotumika, maji yanakauka, mlango unafunguka. Ukimwaga dawa umemwaga maji, ukafikiri ni dawa iliyosaidia. Leo mwaga ndoo ya maji matupu. Harufu ikikoma, kila wiki mwaga jagi moja, na mkisafiri kwenda Tanga mwezi mzima, juu yake tia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta yanaelea na kuzuia maji yasikauke haraka.

Harufu ikirudi hata bafu linapotumika, fanya jaribio la pili. Mtu avute maji ya choo, wewe weka sikio karibu na kichujio. Ukisikia glu-glu-glu, choo kinanyonya maji ya trapu kwa sababu bomba halipati hewa. Muulize fundi wa vigae alilifanyia nini bomba la hewa. Nimekuta mara tatu limekatwa na kuzibwa kwa sababu "lilikuwa linaharibu ukuta". Lirudishwe, inchi 2, lipande mpaka juu ya paa, mdomo wake ukae juu kuliko dirisha lolote, usije ukaihamishia harufu chumba cha kulala.

Na kama hapakuwa na trapu kabisa, pole, vigae vinne vitavunjika. Natumaini mlibakiza boksi moja stoo.

*Fundi, tangi langu la lita 2,000 liko juu ya mnara, lakini shawa ya ghorofani inatoa maji kama machozi na hita haiwaki. – Kijana, Kigamboni*

Mnara unaonekana mrefu ukiwa chini. Pima kutoka kitako cha tangi mpaka kichwa cha shawa, si mpaka ardhini. Kila mita 10 za kimo ndizo zinazokupa bari 1, kipimo cha msukumo wa maji. Kama tofauti yako ni mita moja na nusu, una bari 0.15, na hita nyingi za papo kwa papo hazijiwashi kwa msukumo mdogo hivyo. Usiinue tangi kienyeji: likijaa ni tani 2 za maji, na mnara ulijengwa kwa kimo cha sasa. Shusha maji kwa bomba la inchi 1, nusu inchi ianzie bafuni tu, kisha weka pampu ndogo ya kuongeza msukumo.

Lakini kabla ya kununua chochote, fungua kichwa cha shawa. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, matundu yameziba. Kiloweke kwenye siki usiku kucha, na ukikaza spana zungushia kitambaa kwanza, ile rangi ya kung'aa inachunika upesi.