Kocha, Mwanangu Kaogelea kwa Sekunde 29

Kocha, mwanangu wa miaka 12 kaogelea mita 50 mtindo huru kwa sekunde 29 kwenye bwawa la hoteli. Mbona muda wake umekataliwa? (Mzazi, Nyali)

Bwawa lilipimwa na nani? Swali hili huniingia kila likizo. Niliwahi kufika kwenye bwawa lenye kibao cha "mita 25", tukavuta tepu ukuta kwa ukuta, ikasoma 23 na nusu. Ukienda na kurudi umesamehewa mita tatu, karibu sekunde mbili nzima. Halafu kuna kidole gumba cha mjomba kinachobonyeza saa baada ya jicho kuona. Fainali ya kipepeo mita 100 Olimpiki ya Beijing 2008, ile ambayo Jason Dunford wetu alimaliza wa tano, Mmarekani Phelps alimshinda Mserbia Cavic kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Pedi za ukutani, zinazosimamisha saa mwogeleaji anapozigusa, ndizo zilizoamua. Gumba la nani lingeona hapo? Mpeleke mtoto kwenye mashindano yanayotambuliwa, yenye waamuzi. Na muda wa bwawa la mita 25 usiulinganishe na wa mita 50: kwenye mita 100 unageuka mara tatu badala ya moja, na kila ukuta unakusukuma.

FINA na World Aquatics ni mashirika mawili?

Ni moja, lile linalosimamia kuogelea duniani. Jina lilibadilishwa kutoka FINA kuwa World Aquatics Desemba 2022. Hii ni mara ya nne najibu.

Binti yangu alifika wa kwanza mtindo wa chura, akaondolewa. Ni uonevu?

Aligusa kwa mkono mmoja, sivyo? Chura ni mikono miwili, kwa pamoja, kwenye kila mgeuko na mwishoni. Mwamuzi uliyemfokea alikuwa kazini.

Ni kweli waogeleaji wa Kenya waliwahi kushindana bila jina la nchi? (Msomaji, Kisumu)

Kweli kabisa. Mashindano ya dunia ya Fukuoka, 2023. Shirikisho letu lilikuwa limesimamishwa baada ya mizozo ya uongozi iliyoburutwa miaka na miaka, na watoto wasiogombea kiti chochote wakapanda vibao vya kurukia kama yatima. Uchaguzi ulikuja baadaye, na sasa tuna shirikisho liitwalo Kenya Aquatics. Lakini wazazi, nanyi mna sehemu yenu: mnalipa ada ya klabu bila kuuliza kama imesajiliwa, nani anapiga kura kwa niaba yake, na katiba inasemaje. Mwenyekiti anayeona hakuna anayeuliza hana haraka ya kuitisha uchaguzi. Ulizeni kabla ya kulipa, si baada ya mtoto kukosa safari.

Nimekulia Lamu, baharini ndiko kwangu. Shirikisho linanihusu?

Linakuhusu sana. Kuogelea maji wazi, yaani baharini au ziwani, ni mchezo wake, na kilomita 10 zimo Olimpiki tangu 2008. Laiti shirikisho lingetafuta vijana kama wewe huko huko pwani badala ya kungoja wenye mabwawa ya shule za ada kubwa! Pumzi unayo tayari. Utakachokosa ni kuogelea mstari ulionyooka: inua macho kila baada ya mapigo machache, uchague mnazi au mnara wa kulenga. Mazoezini awepo mtu wa dau kando yako, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, usikaribie mlango wa bahari maji yakitoka.