Kabla hujampa mtu mguu wako auvute

Mimi ni fundi cherehani. Ramadhani moja kazi za Idi zilinielemea, nikawa nakaa kwenye cherehani ya miguu tangu asubuhi mpaka baada ya futari, na usiku narudi tena. Siku tatu kabla ya Idi niliinuka kitini nikashindwa kunyooka. Kiuno kimekaza, nyama za nyuma ya mapaja zimekuwa ngumu kama kamba ya mbuzi. Kufunga kiatu ilibidi kwanza nipandishe mguu juu ya stuli.

Jirani akanipeleka kwa mtu anayekanda na kunyoosha viungo. Sina neno na wakandaji kwa jumla, maana bibi yangu alikanda wazazi kijijini na mikono yake ilikuwa na huruma. Lakini huyu alinilaza kwenye mkeka, akashika kisigino, akaunyanyua mguu wangu kwa nguvu zake zote. Nikamwambia, "Basi, inauma." Akajibu, "Vumilia mama, ndiyo inafunguka." Nikasikia kitu kimekatika juu kabisa ya paja, karibu na kalio. Kesho yake pakavilia damu, na wiki tatu nilitembea kwa kuchechemea. Kwa hiyo nasema kwa uchungu: maumivu makali si dalili ya kufunguka. Msuli ukivutwa ghafla hujikaza kujilinda, na ukilazimishwa zaidi unachanika.

Paja lilipopona, ukakamavu ulikuwa palepale. Safari hii nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mdogo wa kumzaa mwenyewe. Kilichonituliza ni kwamba hakunigusa mpaka ameniuliza maswali mengi. Umewahi kuanguka? Maumivu yanashuka hadi chini ya goti? Unapata ganzi? Mkojo unauzuia vizuri? Hilo la mwisho lilinishtua, akanieleza kwamba ganzi katikati ya mapaja au mkojo kutoka wenyewe, pamoja na maumivu ya mgongo, ni hatari ya mishipa ya fahamu. Mtu wa namna hiyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, wala asinyooshwe na mtu.

Kisha nikalala chali. Akauinua mguu wangu wa kulia taratibu, kisigino kikakaa begani mwake. "Ukisikia unaanza kuvuta, sema hapo." Nikasema hapo, na kweli akasimama hapo. "Sasa nisukume bega kwa kisigino, nusu tu ya nguvu zako." Nikasukuma, yeye ametulia tuli, akihesabu mpaka sita. "Toa pumzi, legeza." Mguu ukapanda wenyewe kidogo, hajauvuta. Akaushikilia kama sekunde thelathini, tukarudia mara tatu, tukahamia wa kushoto. Aliniambia njia hiyo ilianzia Marekani miaka ya 1940, kwa daktari Herman Kabat na mtaalamu wa fiziotherapia Margaret Knott, waliokuwa wakihudumia watu waliopooza. Nilipenda kujua kwamba ilitokana na kuwahudumia wagonjwa kwa upole.

Mbele ya nyonga ndiko kulikonishangaza. Kuna msuli unaotoka kwenye pingili za kiuno ukashuka mpaka kwenye mfupa wa paja, na sisi tunaokaa kutwa tunauacha umejikunja. Alinilaza ukingoni mwa kitanda, goti moja nimelikumbatia kifuani, mguu mwingine unaning'inia. Paja lililoning'inia halikushuka hata kulala usawa wa kitanda. Akaniambia niliinue dhidi ya mkono wake, nilegeze, kisha akalisindikiza chini. Nilipoteremka nilisimama wima bila kushika meza, na machozi yalinitoka.

Sasa nikwambie ukweli ambao wauzaji wa huduma hii hawautaji sana. Mimi huenda na tepu yangu kila mahali. Kabla ya kulala kitandani niliinama, vidole vikaishia sentimita 24 juu ya sakafu. Baada ya huduma, 17. Kesho yake asubuhi, 23. Yule kijana hakushangaa. Alisema siku za mwanzo nyama hazirefuki, ila mwili unazoea kuvumilia mvuto, na mazoea hayo yanapotea usipoyarudia. Anayekuahidi kukunyoosha mara moja ukawa umepona anakula pesa yako.

Kwa hiyo nilikwenda mara moja kwa wiki, wiki sita, na nyumbani nikafanya mwenyewe kila jioni. Nalala kwenye mkeka, nakunja kanga iwe kama mkanda, napitisha chini ya unyayo, nauvuta mguu mpaka pale "hapo" yangu ilipo, nusu dakika. Kazini, kila uzi wa bobini ya cherehani ukiisha nasimama. Baada ya wiki sita tepu ilisoma 9.

Ukitafuta mtu wa kukunyoosha, mwangalie anavyolipokea neno "basi." Asiposimama mara moja, vaa viatu uondoke. Mweleze kama una ujauzito, umewahi kuvunjika karibuni, umewekewa nyonga ya bandia, au umeambiwa mifupa yako imekuwa dhaifu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma, nenda kwa daktari kwanza, huenda ni damu imeganda. Ukisikia kama umeme unashuka mguuni, sema, maana huo ni mshipa wa fahamu na hauvutwi kama msuli. Kesho yake kuuma kidogo ni kawaida. Kushindwa kutembea si kawaida. Na aliye mwema atakufundisha la kufanya nyumbani, hata kama hilo litampunguzia wateja.

Siku hizi Jumapili binti yangu ndiye hunisaidia. Nimemfundisha ashike tu, asisukume, na nikisema hapo, mkono wake usimame hapo.