Usiibandue stempu

Bibie, umeuliza kama bahasha kuukuu za misheni alizoacha babu yako zinafaa kwenye maonyesho ya stempu za Kikatoliki, maana hazina picha ya Papa wala ya mtakatifu. Zinafaa sana. Mimi ningezitanguliza mbele ya stempu za Vatikani zinazong'ara. Hizo zinachapwa tangu 1929 na karibu kila mkusanyaji anazo.

Angalia muhuri kwanza. Ufaransa ilikuwa na posta yake hapa Unguja kuanzia 1889 hadi 1904, na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wamisionari Wakatoliki, wa zama hizo wengi wao walikuwa Wafaransa. Kwa hiyo unaweza kukuta stempu ya Kifaransa iliyopigwa juu yake chapa ya thamani kwa anna, kwa kuwa mjini watu walihesabu fedha kwa rupia na anna. Barua kama hiyo, ikiwa na anwani ya misheni, ndiyo historia ya posta yenyewe.

Ila tafadhali, usiibandue stempu kwa maji! Ukiitoa, muhuri unakatika nusu: mji huku, tarehe kule, na anwani imeshapotea. Iache bahasha nzima, iweke pakavu, maana unyevu wa masika huacha madoa ya kahawia yasiyotoka.

Na ukitaka kuweka picha ya kanisa pembeni, iwe ya Minara Miwili, yaani kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Lile la Mkunazini ni la Waanglikana, watu huyachanganya kila siku.