Mkuu mpya wa idara hafukuzi mhadhiri

Je, mkuu mpya wa idara chuoni anaweza kumfukuza au kumwajiri mhadhiri? Hapana, hawezi kufanya hivyo kwa sahihi yake peke yake. Katika vyuo vikuu vingi mkuu wa idara hupendekeza tu. Pendekezo hupanda kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa kamati ya ajira au uongozi wa juu wa chuo. Nimeshika nafasi ya mkuu wa idara, na nguvu niliyoiona ipo kwingine: kugawa masomo, kupanga ratiba, na kuandika maoni mtu anapoomba kupandishwa cheo. Maoni hayo yanaweza kumjenga mtu au kumchelewesha miaka, kwa hiyo yaandikwe kwa uangalifu mkubwa. Kabla ya kubadilisha chochote, mkuu mpya asome kanuni za chuo, aangalie bajeti iliyobaki, na amuulize mtangulizi wake ni ahadi gani alizitoa kwa mdomo. Hizo ndizo zinazoleta ugomvi, maana mwenye kuahidiwa hasahau.

Wahadhiri wa muda ni habari nyingine: mara nyingi neno la mkuu wa idara ndilo linaloamua kama mkataba utaendelea muhula ujao.