Mwanangu, mtu anaizoea sauti ya kinu

Bukavu, Nguba
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Picha ulizotuma zilifika kwenye simu ya dada yako. Nilizikuza moja moja kwa vidole hadi chaji ikaisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi. Leo umerudi, ndipo nakuandikia kabla haujaondoka tena.

Umeniuliza jambo dogo. Wewe na mume wako mnataka kununua kinu cha maji cha zamani huko Ufaransa, kilichogeuzwa nyumba ya kuishi, mbali na mji, ili wajukuu wangu wapate bustani na miti ya kupanda. Maji yanapita chini ya sebule usiku na mchana. Ukasema: "Mama, wewe ulikulia kwenye kinu. Mtu anaizoea ile sauti, ama inamkosesha usingizi miaka yote?"

Nitakujibu. Lakini kwanza niseme kuhusu ile meza.

Ile meza ya bustani, katika picha ya nne, ni jiwe la kusagia. Wamelitia miguu ya chuma, wakaweka juu yake chupa na glasi. Nililitambua kabla sijasoma maelezo yako, kwa sababu mifereji yake bado inaonekana, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni, na sasa imejaa majani makavu. Unasema jiwe hilo lilitoka La Ferté-sous-Jouarre, limeungwa kwa vipande vingi na kufungwa pete ya chuma, na kwamba mawe ya mji huo yaliuzwa hadi ng'ambo ya bahari. Naamini. La kwetu lilikuwa la namna hiyo, vipande vimeshikana kama sahani iliyovunjika ikagandishwa, nasi watoto tulidhani lilivunjikia njiani likija Kongo.

Liliniuma kuliona na glasi juu yake, sikufichi. Kisha nikakumbuka kwamba jiwe la chini la kinu chetu bado liko kule Kabare kwenye nyasi, na wanawake wanaanika mihogo juu yake kwa kuwa linashika joto la jua hadi jioni. Nami nimekula bugali wa mihogo hiyo, nikaongeza. Basi meza yenu isimame.

Kuna na ile habari ya haki ya maji, uliyoiandika kwa furaha kuliko habari ya vyumba. Kwamba kinu hicho kilikuwepo kabla ya usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, Wafaransa walipofuta haki za mabwana zao, na kwamba kinaonekana kwenye ramani ya Cassini, ile ya kale ya Ufaransa, kwa alama ya kigurudumu chenye meno. Kwa hiyo atakayekinunua anapewa pamoja nacho haki ya kuyageuza maji ya mto yapite kwake. Na haki hiyo haipotei kwa sababu kinu kimekaa bila kusaga. Inapotea pale kuta na mifereji inapobomoka kiasi kwamba nguvu ya maji haiwezi kutumika tena.

Mwanangu, unajua ninachosema siku zote, mmekichoka tangu mkiwa wadogo mnagombania ndoo pale bombani: maji hayana mwenyewe, yana zamu. Sasa unaniambia kuna mahali ambapo mtu ana maji kwa karatasi ya kabla ya 1789! Nililala nalo hilo. Halafu wewe mwenyewe umeandika kwamba siku zile wanakijiji walilazimishwa kusaga kwenye kinu cha bwana tu, na kumwachia sehemu ya nafaka yao. Kwa hiyo haki mnayoinunua ilianzia hapo. Sisemi msinunue. Nasema mjue mwanamke aliyesimama mlangoni na kapu lake alilipa nini, kwa sababu mimi niliwaona wanawake hao.

Kinu cha babu yako kule Kabare, nasema cha babu yako ingawa wote mnajua kilikuwa cha mzungu wa shamba, kilisaga mahindi na mtama wa milima yote ile. Maji yaliletwa kwa mfereji kutoka juu, yakaangukia gurudumu, gurudumu likazungusha mhimili, mhimili ukazungusha jiwe la juu. La chini halisogei. Na mawe hayo mawili hayagusani, hilo watu wengi hawalijui. Kati yake panabaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi, na papa wangu aliipima kwa kidole gumba: anachukua unga unaotoka, anausugua kati ya gumba na kidole cha pili, ukiwa wa moto mno anainua jiwe kidogo, ukiwa na chenga analishusha. Nyusi zake zilikuwa nyeupe mimi nikiwa mtoto. Nilishangaa siku ya kwanza nilipomwona akioga mtoni, akatoka na nyusi nyeusi, nikakimbia.

Juu ya mawe palikuwa na sanduku la nafaka, na ndani yake ukanda wa ngozi uliokandamizwa na uzito wa nafaka. Nafaka ikikaribia kuisha, ukanda unalegea na kengele inashuka, inalia. Ni ile kengele mliyokuwa mkiipigania nyinyi, ile iliyowaita mezani. Kazi yake haikuwa chakula. Mawe yakizunguka bila nafaka kati yake yanashikana, yanatoa cheche, na kinu kimejaa vumbi la unga linaloshika moto upesi.

Ilikuwa 1968, mwaka mmoja baada ya mamluki kuondoka Bukavu. Nilikuwa na miaka kumi. Usiku huo mama yangu alishikwa na uchungu wa mjomba wenu wa Uvira, na papa akaitwa nyumbani katikati ya kazi, magunia ya watu yamepangwa hadi mlangoni. Aliniketisha juu ya gunia, akaniambia neno moja: ukisikia kengele, shusha ubao. Ubao ndio mlango wa maji. Ukishuka, maji yanapita pembeni na gurudumu linasimama.

Nililala. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimechoka kuliko siku nyingine. Nililala kwa sababu ile sauti nilikuwa nimezaliwa ndani yake, maji yakianguka, na kile kijiti kinachotikisa nafaka, taka-taka-taka. Na kengele ililia, mwanangu. Jirani wa ng'ambo ya mfereji aliisikia kutoka nyumbani kwake. Mimi niliyekuwa hatua tatu sikuisikia, kwa maana hata kengele ilikuwa mojawapo ya sauti za nyumbani.

Kilichoniamsha ni harufu, kama mawe mawili ukiyagonganisha karibu na pua. Nikaona cheche zikitoka chini ya jiwe, nyekundu, zinazunguka. Nikakimbilia ubao, ulikuwa umevimba kwa maji, nikauning'inia kwa uzito wangu wote hadi ukashuka. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Sijawahi kusikia kimya kama kile.

Papa alirudi alfajiri na taa mkononi. Aliingia, akasimama, akasikiliza. Alijua kabla hajaona. Akapitisha kiganja ukingoni mwa jiwe, kisha akanigeukia akasema, "Mtoto ni mvulana." Hakunipiga, si siku ile wala baadaye.

Waliinua jiwe la juu, karibu tani nzima, kwa magogo na kamba, wanaume sita. Siku kumi na moja papa alilichonga upya kwa nyundo yenye ncha, mfereji kwa mfereji, na vijipande vya chuma vilimwingia kwenye ngozi ya mikono vikabaki humo. Yale madoa meusi mliyokuwa mkimwuliza, naye akiwajibu kwamba ni mbegu, ni ya siku hizo. Mwenye shamba alimkata nusu ya mshahara wa mwezi. Na wanawake waliokuja na mahindi waligeuzwa njiani wakayatwange kwa kinu cha mchi. Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Aliketi kupumzika, akanitazama, akaniuliza, "Ulilala?" Nikasema ndiyo. Akajitwisha beseni lake, akarudi kuupanda mlima. Nina wajukuu tisa sasa, na mgongo wa mama yule bado nauona.

Mmesikia mara nyingi jinsi kinu kilivyokufa, kwa hiyo sitarefusha. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zinapewa Wazairwa, na kinu kikapewa mtu wa mjini. Alikuja mara mbili tu. Mara ya pili alikuja na lori, akauza mhimili na meno ya chuma kama vyuma vikuukuu. Papa alirudi nyumbani na kengele ndani ya koti.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Nasema maji hayana mwenyewe, yana zamu. Lakini yule mzungu aliyemkata papa mshahara alilipia mafuta ya mhimili, na mfereji ulizibuliwa kila mwezi. Aliyekuja baada yake alikuwa na karatasi safi na hakuwa na zamu yoyote, hakujua hata ubao uko wapi. Kwa hiyo mwenyewe anahitajika? Papa angesema anahitajika mtu wa kushusha ubao. Labda ndiyo maana ile sheria yenu imenigusa kuliko nilivyotaka: haki inakaa maadamu kuta zimesimama na mtu anazitunza. Unasema mtalazimika kufungua milango ya maji mto unapojaa, kuondoa tope na magogo, na kwamba tangu sheria ya maji ya 2006 mito mingine imewekewa masharti ya kuwaachia samaki njia wapande na kushuka. Hiyo ni zamu hasa. Nani kati yenu ataishika? Mume wako anasafiri kila wiki, nawe unarudi nyumbani saa mbili usiku.

Gurudumu la hicho kinu mnachotaka limefungwa mnyororo. Milango ya maji nayo je? Umeiona ikifunguka kwa macho yako, ama umeambiwa?

Umesema muuzaji analazimishwa na sheria kuwapa karatasi inayoonyesha hatari za mahali, mafuriko yakiwemo. Isome yote. Lakini pia muulize mzee wa kijiji akuonyeshe kwa kidole maji yalifika wapi ukutani. Unajua kwa nini nasema hivi. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 400, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Ile mito walikuwa wameisikia kila siku ya maisha yao, wakifua ndani yake, wakivuka na watoto mgongoni. Nilikwenda na akina mama wa parokia kupeleka blanketi. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba alasiri ile alisikia sauti, akadhani ni lori la mizigo ya soko.

Basi swali lako. Ndiyo, mtu anaizoea sauti ya kinu. Wiki mbili, pengine tatu, watoto kabla ya wakubwa. Mtalala vizuri kuliko mjini, na mtakapokuja likizo Bukavu hamtapata usingizi kwa sababu ya kimya, kama kuna kimya hapa Nguba. Mimi hadi leo mvua ikipiga bati usiku nalala kama mtoto mchanga. Unazoea, mwanangu. Ungeniambia haizoeleki, ningelala salama zaidi.

Na bado, sikiliza, nikiifikiria ile sebule napata wivu. Wajukuu wangu wakiamka na maji chini ya miguu yao, unga hakuna lakini mwanga ule wa maji unaotikisika darini upo, nauona hata kwenye picha ya pili. Ulikuwepo na kwetu. Papa aliuita kitambaa cha asubuhi. Sikuwahi kuwaambia hilo, sijui kwa nini.

Nilikuwa nimeandika hapa nini ninachotaka mfanye, mstari mmoja tu, nikaufuta. Dada yako aliusoma begani mwangu, usimwulize. Pesa ni zenu na usingizi ni wenu. Ila kabla hamjatia sahihi, mwombe muuzaji mlale humo usiku mmoja wa mvua, wewe na mume wako, bila watoto. Mmoja alale, mwingine akae macho. Kisha mbadilishane.

Kengele iko juu ya kabati la vyombo, mahali pake. Ulimi wake umelegea kidogo, nimemwambia fundi aupitie.

Msalimie baba watoto. Na uniandikie chumba cha mdogo kitakuwa upande gani, wa barabara au wa mlango wa maji.

Mama yako