Maswali ya Wasomaji: Kontena Inayozimika Mara Inapowashwa

SWALI: Mhariri, nimeandika skripti (faili la amri) ya kuanzisha seva ya OpenVPN, programu ya kuunda mtandao binafsi wa siri, ndani ya kontena ya Docker, yaani kisanduku kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na kompyuta nyingine yote, na mstari wake wa mwisho unaisha kwa alama ya &. Kontena huwaka, kisha huzimika papo hapo bila kutoa kosa lolote. Nifanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Kontena huishi kadiri mchakato wake wa kwanza unavyoishi. Alama hiyo ya & huipeleka OpenVPN nyuma, yaani iendeshwe bila skripti kuisubiri, skripti ikafika mwisho na kuondoka, na kontena ikazimika pamoja nayo. Iondoe alama hiyo, kisha tanguliza neno exec kwenye amri hiyo, ili OpenVPN ichukue nafasi ya skripti yenyewe na kupokea moja kwa moja ishara ya kuzimwa.

Unapoiwasha kontena, ongeza --cap-add=NET_ADMIN (ruhusa ya kusimamia mtandao) na --device /dev/net/tun (kifaa cha njia ya VPN), na ufungue mlango wa mtandao namba 1194 wa UDP, ambao OpenVPN huutumia kwa kawaida. Wengi hukimbilia --privileged, inayoipa kontena karibu mamlaka yote juu ya kompyuta, jambo ambalo kwangu ni sawa na kumkabidhi funguo za nyumba nzima mgeni aliyeomba kukaa dakani tu. Vyeti na funguo za siri zihifadhi nje ya kontena, kwani ukiifuta, vilivyomo hupotea nayo.